Jibu: Kumbukumbu ya MV Spice Islander shuleni kwetu Tanga

Kiranja, pole na jukumu hilo. Umesema mnataka kukusanyika jioni, kwa mishumaa ufukweni Raskazone, kuwakumbuka waliozama tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ikienda Pemba, na mwenzenu mmoja alipoteza baba humo.

Anzeni na huyo mwenzenu. Mwulizeni faraghani, siyo mbele ya darasa: anataka jina la baba lisomwe? Anataka hata kuwepo? Akikataa, basi, wala asishawishiwe. Majina mengine someni tu yale ambayo familia zimeridhia. Orodha za mitandaoni zina makosa, na jina likikosewa linaumiza upya.

Ufukweni sishauri. Upepo wa bahari huzima mishumaa, na mitandio hushika moto upesi. Tumieni uwanja wa shule, mkuu wa shule akiruhusu. Kila mshumaa uwe ndani ya chupa ya kioo yenye mchanga wa vidole viwili chini, na ndoo mbili za maji karibu. Chupa ya plastiki huyeyuka.

Ukimya uwe dakika moja kwa saa ya mkononi. Bila saa watu hukatisha mapema. Kisha dua, kisha sala, kila moja fupi. Bendera ya taifa msiishushe nusu mlingoti kwa uamuzi wenu. Picha za maiti, hapana kabisa.

Wekeni mwalimu wa ushauri nasaha pembeni, na maji ya kunywa. Anayelia aachwe alie. Lakini asiyelala au asiyekula wiki mbili baadaye, au anayesema hataki kuishi, apelekwe hospitali ya Bombo. Huyo wa mwisho siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake.