Ukarimu Ulionitia Aibu

Juma lililopita dada mmoja wa hapa Lubumbashi aliniandikia kwamba hawezi kumnyima mtu fedha, na sasa binti yake wa sekondari amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Aliuliza: «Yaya, mbona fadhila yangu inanitesa?» Ameligusa donda langu.

Kwa miaka mitatu nilitunza fedha za likelemba, yaani mchango unaopokewa kwa zamu, ya akina mama kumi na wawili huko Katuba. Kila aliyefiwa au aliyeuguliwa aliujua mlango wangu, nami nilitoa, nikasifiwa kwa huruma. Zangu zilipokwisha nilichota za sanduku, nikiamini nitazirudisha kabla ya zamu. Zamu ya mjane mmoja ilipofika, nilimwekea mezani noti zote zilizobaki. Alizihesabu mara mbili, akanirudishia moja ya dola 20 iliyochanika pembeni, ambayo wauzaji wangeikataa, kisha akauliza kwa sauti ya chini nyingine ziko wapi. Zilipungua dola 140. Nililipa kwa miezi saba, lakini hadi leo tukikutana sokoni hanisalimii, na jambo hilo linaniuma.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba fadhila ya tabia hukaa kati ya maovu mawili: ushujaa kati ya woga na ujasiri usiopima hatari, ukarimu kati ya ubahili na ubadhirifu. Katikati hiyo si nusu ya hesabu. Ni kumpa anayestahili, kiasi kinachofaa, kwa wakati wake. Aliona pia kwamba wabadhirifu wengi huishia kuchukua pasipostahili, kwa kuwa chao huisha upesi. Hapo nilijitambua. Tena alisema kwamba wizi hauna kiasi chake cha haki, hata uwe mdogo. Kwa hiyo kule nilikokuita kuazima, dada yangu, kulikuwa wizi tangu faranga ya kwanza.

Anayetaka kuacha uovu, alishauri, ajivute upande wa pili, kama wanyooshao mti uliopinda. Mwaka mzima sikumkopesha mtu, na kila jioni niliandika daftarini kilichoingia na kilichotoka. Niliitwa mchoyo hata na ndugu zangu. Vumilia jina hilo, lipa karo kwanza, kataa leo na kesho ukatae tena, maana mtu huwa mwadilifu kwa kutenda haki mara nyingi, kama mjenzi ajifunzavyo kwa kujenga. Sifa za watu zisikudanganye. Nilizipata nyingi nikiwa mwizi.

Dalili ya tabia iliyokomaa, kwa mafundisho yake, ni kufurahia tendo jema lenyewe. Ijumaa jirani aliniomba faranga 20,000 za dawa. Nilimpa 10,000 zilizokuwa zangu, nikamwambia sina zaidi, na safari hii ulimi haukuwa mzito kama zamani.