Barua kwa mwanangu: Kumlilia Simba

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullah. Barua yako nimeipata na nimemsomea mama yako. Unasema kwamba siku nilipokupigia simu kukujulisha kuwa mbwa wetu Simba amekufa, machozi yalikutoka mbele ya wenzako kazini, na mmoja wao, mtu unayemheshimu kwa elimu yake ya dini, akakwambia kuwa Mwislamu hamlilii mbwa. Unaniuliza kama alisema kweli, na kama ilitufaa tangu mwanzo kumchukua mnyama yule. Nimependa nikujibu kwa maandishi, kwa kuwa jambo hili lina pande zake na simu haina subira.

Kwa maoni yangu hukufanya kosa lolote, na mimi mwenyewe nililia.

Ulikuwa shule ya bweni tulipompata, kwa hiyo habari zake za mwanzo umezisikia nusunusu. Ilikuwa masika, nami nilikuwa napita kando ya mtaro mmoja wa Ngamiani, mjini Tanga, nilipomwona mtoto wa mbwa amejikunyata juu ya jiwe, maji yakimpita chini. Shingoni alikuwa na kamba ya katani. Alifungwa akiwa mdogo zaidi, na kwa kuwa hakuna aliyeilegeza alipokuwa akikua, kamba ile ilikuwa imezama ndani ya nyama hata isionekane. Kilichoonekana ni kidonda tu kilichozunguka shingo nzima na nzi waliokijaa. Hakubweka wala hakung'ata. Daktari wa mifugo aliikata uzi mmoja mmoja kwa mkasi mdogo, akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi, na kila alipovuta uzi mnyama yule alikuwa akifumba macho na kushusha pumzi. Pale manyoya hayakuota tena. Ndiyo alama ile uliyozoea kuipapasa kwa kidole kila ulipokuja likizo.

Sasa nije kwenye dini, maana ndiko swali lako liliko. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na katika madhehebu yetu mbwa ni najisi: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Imamu Malik aliona vingine, akamhesabu mbwa kuwa tohara, yaani si najisi, lakini mama yako hakutaka kuhama madhehebu kwa ajili ya Simba, na nilikubaliana naye. Hadithi zinaruhusu mbwa wa kuchunga mifugo, wa kulinda shamba na wa kuwinda, ndiyo sababu alipopona nilimpeleka shambani Pongwe akawe na mbuzi. Huko alikuwa na kibanda chake chini ya mwembe na bakuli lake ambalo halikuchanganywa na vyombo vyetu. Mimi nilikuwa na shuka moja kuukuu ya kumhudumia, na nilipotaka kuswali niliivua, nikajiosha inavyotakiwa, nikavaa nguo nyingine. Yote hayo tuliyafanya kwa miaka yote aliyoishi, na hayakutupunguzia mapenzi kwake. Hukumu ya najisi inahusu mikono yetu, nguo zetu na maji yetu. Haikuwekwa ili ipime thamani ya kiumbe, na hapo ndipo naona mwenzako amechanganya mambo mawili.

Mkumbushe sura ya Al-Kahf, ambayo Waislamu wengi huisoma kila Ijumaa. Vijana wale walioikimbia dhuluma walilala pangoni, na aya ya 18 inamtaja mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Katika aya ya 22, watu wanapobishana kuhusu idadi yao, kila kauli inamhesabu na mbwa wao. Mkumbushe pia yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno ili apande, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Masahaba walipouliza kama kuna ujira katika kuwatendea wema wanyama, Mtume (s.a.w.) aliwajibu kwamba uko katika kila chenye uhai.

Ama kuhusu huzuni yenyewe, iko habari ya Abu Umayr, mdogo wake sahaba Anas bin Malik, aliyekuwa na kidege chake cha kuchezea. Kidege kilikufa, mtoto akahuzunika, na Mtume alipomkuta katika hali hiyo alimwita kwa kuniya yake, yaani jina la heshima la "baba wa fulani", kama anavyoitwa mtu mzima, akamuuliza habari za kidege chake. Hakumwambia kwamba ni ndege tu. Mtu aliyebeba jambo zito la umma mzima alipata nafasi ya kumpa pole mtoto kwa ajili ya kidege. Nami sioni kwa nini mwanangu azuiwe kumlilia mbwa aliyekuwa akimfuata mpaka barabarani kila likizo ilipokwisha.

Majirani waliompiga mawe miaka ile ya mwanzo siwalaumu kwa hofu yao. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, na wengi wanaokipata hukipata kwa kuumwa na mbwa. Kwa sababu hiyo Simba alichanjwa kila mwaka, mara nyingi karibu na 28 Septemba, siku ambayo dunia huadhimisha mapambano dhidi ya ugonjwa huo, na kadi yake niliwaonyesha waliotaka kuiona. Ninyi nanyi niliwafundisha kwamba jeraha la mbwa yeyote huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali bila kungoja. Ilichukua muda, lakini watoto wale wale wa mawe wakaja kuwa wanampitishia mifupa ya samaki, nami nikawa nawakataza nisije nikamwona amekwama koo.

Mwisho wake ulikuwa uzee. Macho yaliingia ukungu, akawa anawahesabu mbuzi kwa pua, na mwezi wa mwisho hakuweza kufika langoni. Alikufa usiku kibandani kwake. Hatukumvisha sanda wala hatukumswalia, kwa kuwa hayo ni ya wanadamu, lakini tulichimba kina cha kutosha asije akafukuliwa, tukamlaza ubavu, na mama yako, ambaye hakuwahi kumgusa hata mara moja, alisimama pale mpaka udongo wa mwisho.

Umeuliza pia kama utuletee mwingine. Mbuzi wanahitaji mlinzi, na wapo watoto wa mbwa wasio na mwenyewe karibu na machinjio, kwa hiyo hakuna haja ya kununua. Subiri uje Idi, twende pamoja tukamchague, na kabla hajaingia shambani tumpitishe kwa daktari achanjwe na atolewe minyoo. Jina utampa wewe.

Mama yako anakusalimu sana.

Wasalaam,
Baba yako