Shafti ya propela ikikatika, shughulika na maji kwanza

Wengi wetu wenye boti za injini ya ndani tunaitunza sana injini. Oili tunabadilisha kwa wakati, chujio la dizeli tunasafisha, mlio wowote mgeni tunaufuatilia. Shafti, ile fimbo ya chuma inayoizungusha propela, tunaisahau, kwa sababu imejificha chini ya sakafu na nusu yake imo majini. Mimi imenikatikia karibu na propela, na safari nyingine ikachomoka kwenye kapulingi, kile kiungo kinachoishika na giaboksi ya injini, nilipotia rivasi. Matukio hayo mawili hayafanani hata kidogo, na ni vizuri kuyatofautisha mapema.

Dalili ya kwanza ni moja kwa yote mawili: mzunguko wa injini unapaa ghafla na boti inapoteza mwendo. Punguza moto, toa gia, zima. Usiingize gia mbele na nyuma ukitumaini itashika. Rivasi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu propela ikizunguka kinyume huivuta shafti kuelekea nje. Kama imeshaachia huko ndani, utakuwa unaisaidia kutoka.

Sasa fungua kifuniko cha injini uangalie ngama, yaani maji yanayokusanyika chini kabisa ya boti. Watu hukimbilia kufikiria watafikaje nchi kavu, na mimi naelewa hofu hiyo, lakini boti isiyo na propela inaelea vizuri tu. Kinachozamisha ni tundu. Shafti ikitoka yote, bomba lake la tezi, lile linalopitisha shafti nyuma ya boti, linabaki wazi. Tundu la kipenyo cha sentimita 4, lililo nusu mita chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Pampu ndogo iliyoandikwa lita 3,800 kwa saa hutoa lita 63 tu kwa dakika, tena hiyo ni hesabu ya kiwandani, kabla ya kuinua maji hadi ubavuni na kabla betri haijachoka. Kwa hiyo ziba kwanza, pampu baadaye. Kabari ya mti laini uliochongwa kufuata ukubwa wa bomba ndiyo dawa, na mahali pake ni pale pale kando ya bomba, imefungwa kwa kamba. Kama huna, songa matambara kwa nguvu. Kisha tia nanga ikiwa kina kinaruhusu, na uite msaada kwa redio, chaneli 16, ukitaja mahali ulipo na kama unaingiza maji.

Mara nyingi usukani hukuokoa: shafti hurudi nyuma mpaka propela inagonga usukani, inakomea hapo. Ndiyo maana napenda kufunga kola ya chuma, au hata klipu mbili imara za hosi, kwenye shafti upande wa ndani, mbele kidogo ya boksi la pakingi, lile linalozuia maji pale shafti inapoingia botini. Ikichomoka kwenye kapulingi, kola inalikuta boksi na shafti haitoki. Ni kitu rahisi mno kukosekana kwenye boti yoyote.

Maji yakishadhibitiwa, ndipo utafute ilipoachia. Kapulingi inazunguka lakini shafti imesimama? Skrubu zimelegea au kile kipande cha chuma cha pembe nne kinachokaa kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti kimekatika. Hapo una bahati: irudishe shafti, kaza, urudi polepole ukitumia gia ya mbele pekee, kwa sababu propela ikisukuma boti mbele huigandamiza shafti ndani ya kapulingi. Shafti inazunguka vizuri ndani na boti haiendi? Imekatika nje, au propela imetoka. Kapulingi yenyewe haizunguki? Basi kagua waya wa gia na giaboksi. Ukivutwa na boti nyingine, ifunge shafti isizunguke, hasa ukihisi imepinda.

Ukifika, usikimbilie kununua shafti mpya. Chukua kile kipande kilichokatika, kioshe, ukiangalie usoni kwenye mwanga mzuri. Changu kilikuwa na sehemu kubwa laini, yenye mistari ya mviringo iliyoanzia kwenye kona ya mfereji wa upande wa propela, na pembeni sehemu ndogo ya kijivu yenye chembechembe. Maana yake ufa ulianza zamani, ukatembea kidogo kidogo kila boti ilipofanya kazi, na chuma kilichobaki kikashindwa siku ya mwisho. Shafti iliyovunjwa na kishindo kimoja haina ile mistari. Ukikuta vishimo vyeusi pale ilipokuwa ndani ya pakingi au beringi ya mpira, tatizo ni kutu. Chuma cha pua hujilinda kwa hewa iliyomo majini. Maji yakituama mahali pabanifu kwa miezi, ulinzi huo unakwisha. Boti inayolala bila kutumika huumia kuliko inayofanya kazi kila siku.

Ufa huo unaotembea kidogo kidogo, ufa wa uchovu wa chuma, una chanzo chake, na shafti mpya itakufa kwa ugonjwa ule ule usipokiondoa. Propela iliyopinda jani, beringi ya nje iliyolika, mpira wa kitako cha injini uliobonyea, au shafti iliyopigwa na gogo au kamba ikapinda kiasi kisichoonekana kwa macho. Mtetemo ulikuwepo, tuliuzoea tu. Boti ikiwa nchi kavu, shika propela uitikise juu na chini. Ikicheza waziwazi, beringi imekwisha.

Kwa fundi wa kukereza, dai kona za mfereji ziwe za duara, maana kona kali ndipo ufa huzaliwa. Propela nayo ivalishwe kwanza bila kipande chake cha pembe nne, uweke alama inapofikia, kisha uivalishe nacho. Isipofika kwenye alama, kipande kinainyanyua, na mzigo wote unakaa pabaya.

Kupanga injini na shafti zikae mstari mmoja kufanyike boti ikiwa majini, imeshakaa siku moja au zaidi, kwa sababu mwili wa boti hubadilika umbo ikiwekwa juu ya magogo. Fungua bolti, zikutanishe sahani mbili za kapulingi, upime mwanya kwa geji ya vibati vyembamba juu, chini na kila upande. Kwa sahani ya milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1. Fundi akikuambia ataipanga kwa macho, mtafute mwingine. Baada ya saa chache za kwanza za kazi, rudi ukague bolti zote za kapulingi na matone ya pakingi: matone machache kwa dakika shafti ikizunguka ni sawa, mchirizi si sawa, na boksi likiwa la moto kushika kwa mkono, umelikaza kupita kiasi.