Wasomaji wanauliza: "Mama, nani alikuruhusu kuimba?"

Mwezi huu maswali yenu yanajibiwa na mwimbaji wa taarab wa Mikindani, Mtwara, ambaye siku hizi anafundisha watoto kaswida.

Shikamoo mama. Kuimba ulijifunzia wapi? Ulisomea? (Msomaji, Masasi)

Marahaba mwanangu. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo nilikisikia nikiwa tayari nina watoto. Mimi nilifundishwa na watu wawili ambao hawakupatana hata siku moja: mwalimu wangu wa madrasa na bibi mzaa mama.

Mwalimu alinipa pumzi. Ukisoma Kurani huvuti pumzi popote unapojisikia, kuna mahali pa kusimama na mahali pa kuunganisha, na ukikosea fimbo haiko mbali. Ukiingia Mfungo Sita ni maulidi, kaswida baada ya kaswida tangu isha, na sauti lazima ifike alfajiri ikiwa nzima. Bibi alikuwa kungwi. Mambo ya unyagoni siyaandiki hapa, waliopita wanayajua. Ila kule hakuna kipaza sauti. Ni uwanja wazi, ngoma zinalia, wanawake wamepandisha vigelegele, na neno lako linatakiwa lisikike mpaka nyumba za jirani. Mwalimu akisikia ngoma za bibi alifunga dirisha. Bibi naye alisema mwalimu anaimbia puani. Mimi nilichukua kwa wote wawili, nikanyamaza.

Taarab yenyewe ilinifikia kwa kaseti. Miaka ya 1990 vikundi vya taarab vya TOT na Muungano vilikuwa vinapigana vijembe Dar es Salaam, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, na kaseti zikifika Mikindani zimeshanakiliwa hata zinakwaruza. Baba, mvuvi, alikuwa na redio ya betri. Betri zikilegea anazianika juani, zikifa kabisa ndiyo basi. Mama alikuwa anachomoa hela ya betri mpya kwenye vitumbua vyake bila kumwambia mtu, kwa sababu aliniona ninavyosikiliza. Wengi mnaniuliza familia ilinisaidiaje. Ilianza na hizo betri.

Nina miaka 17, nimemaliza kidato cha nne Nachingwea. Nikiimba watu wananisifu, lakini baba hataki kusikia, anasema waimbaji wa kike ni wahuni. Mama ananiunga mkono ila akisema hasikilizwi. Nitoroke niende Dar kwa dada? (Binti, Nachingwea)

Usitoroke. Mjomba wako yuko wapi? Barua yote hiyo, mjomba hujamtaja hata mara moja!

Huku kwetu Kusini, Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wayao, ukoo umefuata upande wa mama tangu zamani, na mjomba ana neno ambalo baba hulisikiliza hata akiwa amekunja uso. Vijana wa leo mnamkumbuka mjomba ikifika mahari tu. Mimi nilipotaka kuimba, baba yangu hakukataa wala hakukubali. Alimwambia mama, "Muulize kaka yako," akaenda zake baharini.

Mjomba akashuka kutoka Newala. Mimi hakuniuliza hata swali moja. Alikwenda moja kwa moja kwa kiongozi wa kikundi cha taarab kilichonitaka. Shughuli ikiisha saa nane usiku, huyu binti analala wapi? Akiugua njiani, nauli ya kumrudisha anayo nani? Na zile pesa anazotunzwa jukwaani, zinakaa kwa nani? Yule bwana la kwanza alilijibu, la pili akababaika, la tatu akacheka. Mjomba hakucheka.

Akakata shauri: nitaimba, lakini mama mdogo atafuatana nami kila shughuli, na nikitunzwa, pesa inafungwa kwenye pindo la kanga yake, haiendi kwenye kapu la kikundi. Kikundi kilinuna. Kikakubali, maana sauti walikuwa wanaitaka.

Mama mdogo mwenyewe taarab hakuipenda. Alikuwa anasinzia ukutani, mkono juu ya pindo. Lakini tulipompata mwenye ukumbi mmoja Dar aliyetaka kutulipa kwa ahadi, ni yeye aliyekaa mlangoni kwa yule bwana mpaka pesa ikatoka. Na wakati ule kurudi nyumbani haikuwa kazi ndogo. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Kabla yake Rufiji tulivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika barabara ikikatika unasubiri meli. Bila nauli ungehamia Mbagala, huko huko Dar, moja kwa moja.

Sasa wewe. Kwa miaka 17, mkataba huwezi kuusaini peke yako, sheria inataka 18. Nenda kwa mjomba na umpelekee majibu: utafuatana na nani, utalala wapi, pesa atashika nani. Habari za wafuasi wa Instagram ziache nyumbani. Nionavyo mimi baba yako haogopi nyimbo, anaogopa usiku. Basi mpunguzie usiku. Anza na shughuli za mchana hapo hapo, akuone kwa macho yake. Tena mkumbushe kwamba Kassim Mapili, mpiga gitaa wa bendi ya Polisi Jazz aliyefariki 2016, alitokea huko huko Nachingwea, akapitia bendi za Lindi na Mtwara kabla ya Dar. Kama baba ni mtu wa makamo, jina hilo analijua.

Nina nyimbo nne. Studio moja mjini wanataka laki tano na nisaini nao. Baba anasema nisubiri mnada wa korosho. Nikichelewa si nitapitwa? Nataka nitoke kama Harmonize, yule mwimbaji wa Bongo Fleva. (Kijana, Tandahimba)

Msubiri baba. Minada inaanza Oktoba na hela ya chama cha msingi cha ushirika haiingii siku ile ile, unalijua hilo kuliko mimi. Akikupa laki tano ujue ameikata kwenye salfa ya mikorosho ya mwakani au ada ya mdogo wako. Mzazi wa namna hiyo hakimbiziwi.

Harmonize ni mtoto wa Mtwara, sawa, na barua zenu zote zinamtaja. Lakini alipoondoka WCB Wasafi, lebo ya Diamond Platnumz, mwaka 2019, watu mitaani hawakujadili nyimbo, walijadili mkataba. Kwa hiyo kabla ya kusaini uliza: rekodi zitakuwa za nani? Mkataba ni wa miaka mingapi? Chaneli ya YouTube inafunguliwa kwa barua pepe ya nani, na nywila anayo nani? Jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, nyimbo zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kwa sheria yetu ya 1999 hakimiliki ni maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, yaani unachokiuza leo ni mali ya wajukuu. Anayekwambia "saini kwanza, mengine tutaongea", muage kwa heshima. Na siku ya kusaini nenda na baba, hata kama atakaa kimya.

Mama, sauti yako unaitunza kwa kitu gani? Tangawizi? Mayai mabichi? (Msomaji, Lindi)

Mayai mabichi, hapana! Tangawizi nakunywa kwa sababu naipenda. Sauti inatunzwa na usingizi, na kumkatalia fundi mitambo anayekuweka ushindane na spika zake. Mwambie azipunguze. Asipotaka, shuka jukwaani.