Landrover ya babu chini ya mwembe: nianzie wapi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Marehemu babu ametuachia Landrover 109 ya petroli. Imekaa chini ya mwembe hapa Muheza zaidi ya miaka ishirini. Wazee wanasema ilitoka shamba la mkonge, ila kadi haionekani. Kwenye kibati ndani ya kebini namba ya chesisi inaanza na 252 na inaishia na herufi B. Bodi haina kutu, na fundi wa hapa anataka aipige rangi kwanza halafu aiwashe. Nimruhusu? Na historia yake nitaipataje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni kwa msiba. Mwambie huyo fundi aweke msasa chini kwanza, maana rangi anayotaka kuitoa ni sehemu ya historia unayoitafuta.

Namba uliyosoma inasema mengi. 252 ni toleo la Series IIA, 109 (yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ya petroli ya silinda nne, usukani kulia, iliyotoka kiwandani Solihull, Uingereza, kwa ajili ya nchi za nje. Ingekuwa 253, ingekuwa imesafirishwa kwa vipande na kuunganishwa nje ya Uingereza. Series IIA ilianza 1961 na kuishia 1971, na B ya mwisho inaiweka kwenye matoleo ya mwanzo. Angalia taa kubwa: kama zimekaa katikati, karibu na rejeta, inakubaliana na namba. Zilihamishiwa kwenye mabawa mwishoni mwa miaka ya sitini.

Lakini kibati hufungwa kwa ribiti, na ribiti hutoka. Namba ya kuaminika imegongwa kwenye chuma cha chesisi chenyewe, mbele kulia, pale sikio la springi lilipo. Paka dizeli, acha usiku kucha, asubuhi sugua taratibu kwa brashi ya waya ya mkono. Usiguse hapo kwa grenda. Namba ikifutika, hata TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari, hutakuwa na cha kuwaonyesha. Ya injini imegongwa ubavuni mwa bloku, upande wa kushoto, karibu na mdomo wa kwanza wa egzosi.

Ukishapata zote mbili, andikia British Motor Museum, Gaydon, Uingereza. Wanatunza daftari za kiwanda na kwa malipo hutoa cheti kinachoonyesha siku gari lilipokamilika, rangi yake ya kwanza, namba ya injini na lilikopelekwa. Huku nyumbani, kumbuka kwamba mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa 1967 baada ya Azimio la Arusha, kwa hiyo gari lenu huenda lilipita mikono miwili kabla ya babu. Ng'oa kiti, osha bati la chini yake, kisha sugua mahali padogo kama sarafu kwa msasa laini wenye maji. Rangi zitatokea duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa, na ile ya ndani kabisa, ukiacha rangi ya msingi (praima), ndiyo gari lililotoka nayo Solihull. Milangoni tafuta kivuli cha maandishi ya zamani. Ukikuta SU, lilikuwa la shirika la umma. Nenda TRA na namba zako kabla hujakata chuma chochote.

Sasa hiyo bodi isiyo na kutu. Ni aloi ya alumini, haiwezi kushika kutu, na ndiyo inayowadanganya watu. Chesisi ni chuma, tena ni boksi lenye uwazi ndani. Tope na unyevu huingia na kuila kutoka ndani. Niliwahi kuletewa 109 ya kijani inayong'aa kama imetoka dukani. Nikalala chini yake, nikagonga kwa nyundo ndogo nyuma ya tangi. Nyundo ikazama mpaka mpini. Mwenyewe alikuwa amebeba watoto wake humo wiki hiyo hiyo.

Gonga yenu yote, hasa masikio ya springi na boriti ya nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilicholiwa hutoa sauti ya debe lenye pumba. Kagua pia ukuta wa bati kati ya injini na kebini, pale miguu inapokaa, maana nao ni chuma. Alumini ikigusana na chuma utaona unga mweupe: hapo alumini ndiyo inayoliwa, na wakati wa kurudishia weka kitu cha kuzitenganisha.

Injini isiwashwe kabisa kwa sasa. Toa plagi, mimina oili kidogo kila silinda, subiri siku tatu nne, kisha zungusha kwa hendeli bila kulazimisha. Badilisha mipira na silinda za breki zote. Kabla ya kufunga betri, fuata waya unaokwenda kwenye bodi. Matoleo ya zamani yalifungwa chanya kwenye bodi, na fundi aliyezoea magari ya leo anaweza kugeuza betri na kuunguza dinamo. Tena injini hii ilitengenezwa kwa petroli yenye madini ya risasi, yaliyokuwa yakikinga siti za valvu, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia 2006. Silinda hedi ikifunguliwa, wekeni siti ngumu za valvu za egzosi.

Rangi iwe ya mwisho. Nitumie picha ya namba ya chesisi ukishaisafisha, pamoja na ya boriti ya nyuma kwa chini.