Usimrudishe Mtoto Nyumbani kwa Sababu ya Shati

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Goma, aliyekabidhiwa kikosi chake cha kwanza cha skauti, aliniuliza kama inafaa kuwazuia watoto wasio na sare kamili wasitoe ahadi ya skauti, ile inayomwingiza mtoto kikosini. Mdogo wangu, nakujibu hapa, mbele ya viongozi wenzetu, kwa kuwa jambo hilo lilinipata mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka 12, hapa Bukavu. Mama alipata fundi cherehani wa Kadutu, akanishonea shati kwa kaki iliyotoka katika nguo ya kazi ya baba, na mfuko wa kushoto ukapanda kuliko wa kulia kwa upana wa kidole. Kiongozi aliutazama mfuko ule, akanitoa mstarini wenzangu wote wakiona. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeificha fulari, kile kitambaa cha skauti cha kuvaa shingoni, ndani ya shati, na mama aliponiuliza kama nimetoa ahadi, nilishindwa kumjibu. Miaka mingi imepita, na bado inaniuma.

Nilipokuwa kiongozi ndipo nilipoijua historia ya sare hiyo. Katika kambi ya kwanza ya Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kisiwani Brownsea, Uingereza, mwezi wa Agosti 1907, sare rasmi haikuwapo. Wavulana wapatao 20, baadhi yao wa shule za matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi, walitambuana kwa nyuzi za sufu zilizoning'inia begani, kila kikundi na rangi yake: buluu kwa kikundi cha Mbwa-mwitu, kijani kwa Mafahali, manjano kwa Sululu (yule ndege wa pwani), nyekundu kwa Kunguru. Beji ya shaba yenye umbo la yungiyungi, alama iliyoonyesha kaskazini katika ramani na dira, walipewa wavulana wote, na ya pili, yenye maneno 'Uwe Tayari', mvulana aliistahili kwa kujifunza. Kofia pana na kaki zilifuata mavazi ya polisi ambao Baden-Powell aliwaunda Afrika Kusini, naye alishikilia kwamba sare inafunika tofauti ya tajiri na maskini. Kiongozi anayemfukuza mtoto kwa sababu ya mfuko uliopinda anaigeuza sare hiyo kuwa kipimo cha umaskini, na hilo ni kosa zito mbele ya watoto na mbele ya ahadi yenyewe.

Basi anza na fulari. Ni kitambaa cha pembe tatu tu, mama yeyote anaweza kukipinda ukingo kwa mkono, na njiani kinatosha kutegemeza mkono uliovunjika. Beji zifuate kadiri mtoto anavyojifunza, na shati lije wazazi watakapoliweza, hata kama ni mwaka ujao. Narudia: anza na fulari. Wafundishe maana ya rangi zake kabla hujamwambia yeyote akanunue kitu, na ukague mikono na kucha kabla ya kukagua mishono.

Jumamosi hii watoto 9 wa kikosi chetu watatoa ahadi, na 4 kati yao watavaa fulari juu ya fulana za nyumbani.