Homa, kitabu na programu ya kufunza sikio

Ukiumwa kuna saa nyingi ambazo usingizi hauji na kazi haifanyiki, na simu iko karibu mno. Saa hizo mimi huzigawa kati ya kitabu na programu ya kufunza sikio la muziki.

Kwa kitabu sina mengi. Chukua ulichokwisha kukisoma, chenye sura fupi. Riwaya yenye ukoo mzima wa majina ya kukumbuka iache hadi upone.

Utamu uko kwenye sikio. Programu inakupigia noti, wewe unaitaja kwa kubonyeza. Huhitaji kinanda wala koo zima. Zipo za kulipia kama EarMaster, na GNU Solfege ni ya bure kabisa.

Nyingi zinakutaka utaje umbali kati ya noti mbili zilizopigwa peke yake. Kwa mgonjwa, huo ni uchovu mtupu. Tafuta zoezi linalopiga kwanza kodi chache za kinanda (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ili do, noti ya nyumbani ya wimbo, ikae kichwani, kisha noti moja uitambue. Hivyo ndivyo tunavyosikia wimbo: ti inakuvuta upande do, fa inakuvuta ushuke mi. Aliyewahi kuimba kwaya kwa solfa (do, re, mi) tayari ana mtaji.

Ukitaka kujaribu umbali hata hivyo, anza na jozi moja: do–fa na do–so. Ya kwanza ina nusu toni (hatua ndogo kabisa za kinanda) 5, ya pili 7. Noti zikipigwa kwa pamoja, jozi hii huwachanganya hata wazoefu, kwa sababu zote mbili zinatulia sana sikioni. Kwenye do–so, noti ya juu hutikisika takriban mara 3 ya chini ikitikisika mara 2. Kwenye do–fa ni 4 kwa 3. Mimi hujiuliza noti ipi ni nyumbani. Nikihisi ni ya chini, najibu do–so. Nikihisi ni ya juu, najibu do–fa. Kujiuliza hivyo kumenisaidia kuliko kukariri milio.

Zima saa na alama za programu, hakuna anayekufukuza. Mazoezi ya mapigo yafanye kwa hedifoni za waya, maana za Bluetooth huchelewesha sauti na programu itakuhesabia umechelewa ilhali uligonga sawasawa. Mafua yakikaza, mirija inayounganisha masikio na nyuma ya pua nayo huziba, na kila kitu kinasikika kama kiko chumba cha pili. Siku hiyo rudi kwenye kitabu, usiongeze sauti. Sikio likiuma, hedifoni zikae kando kabisa.

Yale mazoezi ya kuimba mbele ya maikrofoni nayo yasubiri. Programu ikisikia kikohozi, itakitafutia noti.